Waziri Akiulizwa Bungeni Kuhusu Mshahara Wako

Tarehe 1 Mei 2024, Sikukuu ya Wafanyakazi, Rais William Ruto wa Kenya alitangaza kuwa mshahara wa kima cha chini utapanda kwa asilimia 6. Mwisho wa mwezi huo kibarua wa Industrial Area, eneo la viwanda jijini Nairobi, akihesabu pesa zake langoni alikuta ni zile zile. Juni vivyo hivyo, na Julai. Nyongeza ilianza kisheria tarehe 1 Novemba 2024, agizo la mishahara lilipopata nguvu, na hapo ndipo kima cha chini cha mfanyakazi wa kawaida jijini Nairobi kilipotoka Sh15,201.65 hadi Sh16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba.

Tangu jukwaani hadi kwenye karatasi yenye nguvu ya sheria ilipita miezi sita. Anayetaka kuelewa maswali ya bungeni yana kazi gani na aitazame miezi hiyo. Mwajiri hashtakiwi kwa kupuuza hotuba. Hushtakiwa kwa kukiuka agizo lililochapishwa, na agizo hilo hutolewa na Waziri wa Leba chini ya Sheria ya Taasisi za Leba ya 2007. Maana yake ni kwamba yupo mtu mmoja, mwenye cheo na ofisi, anayeweza kuulizwa mbele ya taifa: agizo litachapishwa lini? Na je, litahesabiwa kuanzia Mei?

Wenye umri wa kutosha wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Mawaziri walikuwa wabunge, wakiketi viti vya mbele, na kipindi cha maswali kilikuwa sehemu ya kila wiki. Katiba ya 2010 ilitenganisha kazi hizo, kwa hiyo waziri wa leo si mbunge. Kwa miaka kadhaa baada ya uchaguzi wa 2013 maswali yalihamia vyumba vya kamati, na mwananchi wa kawaida hakuyasikia tena. Mwaka 2023 mlango ulifunguliwa upya: Kanuni za Kudumu zilirekebishwa, na sasa mawaziri huitwa ukumbini kujibu, kwa kawaida siku ya Jumatano. Nguzo ya utaratibu huu ni Ibara ya 153 ya Katiba, inayomtaka waziri kufika mbele ya kamati ya Bunge la Kitaifa au ya Seneti anapohitajika, na kujibu swali lolote kuhusu jambo analolisimamia. Ibara ya 125 inaongeza kwamba kamati ina uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kuita shahidi na kudai hati. Uwezo huo haumhusu waziri peke yake. Mkurugenzi wa kampuni binafsi naye anaweza kuitwa.

Hii inatosha kuhusu sheria. Shida kubwa ninayoiona katika kazi yangu ya kufuatilia maswali haya ni namna yanavyoulizwa.

Chukua mfano huu wa kubuni. Mbunge anasimama na kuuliza: “Bw. Spika, Serikali inafanya nini kuhusu wafanyakazi wanaonyanyaswa katika viwanda vya Baba Dogo?” Wapiga kura wake watashangilia, na video itasambaa kwenye simu kabla ya saa kumi. Waziri naye atafurahi kimoyomoyo, kwa kuwa ameulizwa swali linalojibika kwa hotuba. Atasema Serikali inathamini wafanyakazi, ukaguzi unaendelea, na sheria itachukua mkondo wake. Ataketi. Hakuna alichoahidi, na wiki ijayo hakuna atakachodaiwa.

Sasa swali lile lile liandikwe upya. Tangu Januari hadi Juni, ni viwanda vingapi vya eneo la Ruaraka, iliko Baba Dogo, vilivyokaguliwa na maafisa wa leba? Katika hivyo, vingapi vilikutwa vikikata pesa za NSSF, hazina ya uzeeni ya wafanyakazi, kwenye mishahara bila kuziwasilisha, na vingapi vina bima ya wafanyakazi kama inavyotakiwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007? Wangapi kati ya wenye vibarua wa muda mrefu wamewaajiri kwa masharti ya kawaida, kama Sheria ya Ajira inavyoelekeza katika kifungu cha 37? Hapa hotuba haiponyeshi. Waziri aidha ana takwimu, aidha hana. Akikiri kuwa hana, basi amekiri kwamba ukaguzi haufanyiki, na hilo lenyewe ni jibu zito kuliko yote.

Halafu kuna swali la nyongeza, ambalo magazeti hulipuuza mno. Swali la kwanza huandikwa na kupelekwa kwa Karani wa Bunge mapema, Spika akaliidhinisha, na waziri akaandaliwa jibu na maafisa wake. Jibu hilo ni kazi ya wizara nzima. Swali la nyongeza huulizwa papo hapo, na hapo waziri yuko peke yake. Mbunge aliyejiandaa huiacha takwimu moja mfukoni kwa ajili ya dakika hiyo. Asiyejiandaa huitumia kutoa hotuba yake mwenyewe, na Spika akimkumbusha kwamba ni wakati wa maswali, husema, “Nakuja hapo, Bw. Spika.” Mara nyingi hafiki.

Katika biashara kuna ugumu wa aina nyingine, nao ni kutupiana mpira. Wafanyabiashara wadogo wa Nyamakima, wale wanaochanga nafasi kwenye kontena moja kuleta bidhaa kutoka China, waliandamana mwaka 2019 wakilalamikia shehena zao zilizokwama. Fikiria mbunge wao angemuuliza nani. Ushuru wa forodha uko mikononi mwa KRA, mamlaka ya ushuru, ambayo iko chini ya Wizara ya Fedha (Hazina). Ubora wa bidhaa ni kazi ya KEBS, shirika la viwango, lililo chini ya wizara inayoshughulikia biashara na viwanda. Bandari na reli ni za Uchukuzi. Ukimuuliza mmoja, atakuelekeza kwa mwenzake kwa adabu zote, na mwenzake atakurudisha. Gharama za kuhifadhi kontena zinazidi kupanda huku adabu ikiendelea. Dawa iliyopo ni kamati kuwaita wote siku moja, kwenye meza moja, kila mmoja amsikie mwenzake akijibu. Ni kazi ya kuchosha kuipanga, lakini haina mbadala.

Kosa jingine ni kubisha mlango usio wako. Mama wa soko la Muthurwa aliyenyang’anywa nyanya na kanjo, yaani askari wa kaunti, huenda kwa mbunge, naye mbunge huahidi kulifikisha Bungeni. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeweka masoko, leseni za biashara na usimamizi wa biashara za mtaani mikononi mwa kaunti. Anayepaswa kuuliza ni Mwakilishi Wadi, mmoja wa 85 waliochaguliwa Nairobi, pale City Hall, makao ya kaunti. Viwango vya kazi na biashara ya nje ni vya Serikali ya Kitaifa. Seneti inaweza kuuliza jinsi pesa za kaunti zilivyotumika, ila haiwezi kumrudishia mama nyanya zake.

Ipo njia moja tulivu ambayo wafanyabiashara wengi hawaijui, na ningetamani vyama vyao viijue. Ada nyingi zinazowaumiza haziingii kwa Mswada wa Fedha ambao kila mtu huuangalia, hasa baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kuupinga. Huingia kwa kanuni zinazotungwa na waziri na kuchapishwa katika gazeti rasmi la Serikali. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inasema kanuni hizo lazima ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao tangu kuchapishwa, na zisipowasilishwa zinapoteza nguvu. Ipo kamati maalum inayozikagua na inaweza kupendekeza zifutwe. Kwa hiyo chama cha wenye maduka kinachogundua ada mpya kina swali fupi sana la kumpa mbunge: kanuni hizi ziliwasilishwa tarehe ngapi? Nimeona maswali marefu mara kumi yakizaa kidogo kuliko hilo.

Na mwananchi asiye na mbunge msikivu? Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi rasmi, ambalo wengi wetu huliita petisheni. Unaandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kwa lugha ya heshima. Unaeleza ulikokwisha kulalamika na kama ulijibiwa, unasema kama kesi iko mahakamani, unataja waziwazi unachotaka Bunge lifanye, kisha unatia saini au kidole gumba. Kamati hupewa muda maalum wa kulishughulikia. Julai 2023 vijana wa Nairobi waliokuwa wakichuja maandishi ya kutisha ili kuifunza programu ya ChatGPT walitumia njia hii. Waliliomba Bunge la Kitaifa lichunguze mazingira ya kazi hiyo ya kampuni za nje inayofanyiwa hapa kwa mikataba. Kazi yenyewe haikuwepo sheria za leba za 2007 zilipoandikwa. Petisheni ndiyo iliyowafikisha mbele ya wabunge bila kungoja mtu awasemee.

Sehemu ile ya kesi isipuuzwe. Jambo likiwa mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, Spika anaweza kuzuia mjadala ili usimvuruge jaji. Wafanyakazi waliofutwa mara nyingi hukimbilia wakili kwanza, kisha mbunge, na mbunge anajikuta amefungwa mdomo. Akiwa mjanja ataacha ugomvi wa kampuni ile moja na kuuliza kuhusu sekta nzima: wakala wangapi wa ajira wamepokonywa leseni mwaka huu, na kwa sababu gani?

Watu huniuliza kama maswali haya yana meno. Yana meno ya maziwa. Waziri hafutwi kazi kwa jibu baya. Kumwondoa ni safari nyingine, iliyo katika Ibara ya 152: robo ya wabunge waunge mkono kuletwa kwa hoja, theluthi waipitishe, kamati ya watu 11 ichunguze kwa siku 10, ndipo kura ya mwisho ipigwe madai yakithibitika. Mei 2024 hoja ya aina hiyo dhidi ya Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, kuhusu mbolea ghushi, ilipita ukumbini na kufika kwa kamati ya watu 11. Wengi wa wanakamati wakaamua madai hayakuthibitishwa, na mambo yakaishia hapo. Kinachobaki mikononi mwa mbunge siku za kawaida ni rekodi: maneno ya waziri, yenye tarehe, ndani ya Hansard, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge.

Rekodi hiyo ndiyo watu wachache huirudia. Soma Hansard ya kikao kinachohusu kazi yako au duka lako, nayo ipo wazi kwenye tovuti ya Bunge. Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge kwa Ibara ya 120, kwa hiyo utakuta sehemu nyingine zimenakiliwa kama zilivyosemwa. Ruka hotuba. Tafuta mahali waziri aliposema “nitawasilisha” au “ndani ya siku kadhaa”. Nakili sentensi hiyo pamoja na tarehe. Bunge la Kitaifa lina Kamati ya Utekelezaji, na kazi yake ni kufuatilia ahadi za namna hii. Kamati hiyo husaidika sana mtu anapoiandikia akitaja ukurasa, badala ya kusema tu kwamba Serikali ilituahidi.

Na kabla hujamwandikia mbunge, jaribu kuuliza mwenyewe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Iandikie wizara uombe idadi ya viwanda vilivyokaguliwa mtaani kwako. Ikijibu, umepata takwimu za kumpa mbunge. Isipojibu, ambatisha nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa, na swali la Jumatano litaanza hivi: kwa nini Wizara ilikosa kumjibu mkazi wa Ruaraka aliyeuliza tarehe fulani?