Harufu ya Mayai Viza Haimaanishi Volkano: Maji ya French Lick na West Baden

Nimeulizwa tena volkano iko wapi. Safari hii aliyeuliza ni ndugu yetu kutoka nyumbani, aliyefika kusini mwa jimbo la Indiana, Marekani, kuiona hoteli ya West Baden Springs na jirani yake ya French Lick. Tulipolikaribia banda la chemchemi ya Pluto, harufu ya mayai viza ikampata, naye akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba chini yetu kuna moto. Nilikuwa na chupa ya sampuli niliyotoka kuichota, nikammiminia maji kiganjani. Yalikuwa baridi.

Kazi yangu ni kemia ya maji ya ardhini, na naomba jambo hili tulimalize. Chini ya mabonde haya hakuna volkano. Kuna mawe ya chokaa yenye matabaka ya jasi, na mvua inayozama humo huyayeyusha taratibu. Miamba imetobolewa na maji kiasi kwamba mto wa huko uitwao Lost River hutoweka ardhini na kuibukia kwingine. Jasi ikiyeyuka, maji hubeba salfeti. Kule chini kusikofika oksijeni wanaishi bakteria wanaoitumia salfeti hiyo kama sisi tunavyoitumia hewa, na wanachokitoa ni haidrojeni salfaidi, gesi ile inayonuka. Kwa hiyo harufu ni kazi ya viumbe hai ndani ya maji ya baridi. Tatizo letu Waafrika Mashariki ni kwamba tumelelewa na Bogoria, ambako joto la Bonde la Ufa linachemsha maji mbele ya macho yetu, tukadhani kila chemchemi ya madini ni ndugu yake. Hata Kikuletwa, kule Boma Ng'ombe, wengi huiita maji moto na Chemka, ilhali aliyeogelea humo anajua kwamba hayachemki.

Jina lenyewe la French Lick linaeleza yote: palikuwa mahali pa wanyama wa porini kulamba chumvi. Daktari William Bowles alijenga hoteli hapo mwaka 1845, na baadaye Daktari John Lane akajenga ya kwake umbali wa kama maili moja, iliyokuja kuitwa West Baden kwa kuiga mji wa chemchemi za tiba wa Ujerumani. Hoteli hiyo ya pili iliteketea Juni 1901. Mmiliki wake, Lee Sinclair, aliijenga upya kwa muda usiotimia mwaka mmoja na nusu, safari hii ikiwa duara la ghorofa sita lililozunguka ukumbi wenye kuba la upana wa takriban mita 61, ambalo mbavu zake 24 za chuma zimekalishwa juu ya vyuma vinavyobingirika ili litanuke na kunywea bila kupasuka.

Wageni waliokuja kwa treni hawakuja kujipasha joto. Walikuja kunywa, na walichokunywa ni haluli, yaani chumvi ya kuharisha. Maji yale yana magnesi, sodiamu na salfeti, na kila bibi wa pwani anajua haluli inafanya nini tumboni. Hapa ndipo ninapochoshwa zaidi na vipeperushi vinavyonakili majedwali ya kale yenye "salfeti ya magnesi" kiasi hiki na "salfeti ya sodiamu" kiasi kile, kana kwamba mkemia alizikuta chumvi hizo zimepangwa kama mafungu sokoni. Ndani ya maji hakuna chumvi zilizoungana hivyo. Kuna ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinazoelea kila moja kivyake, na mkemia wa zamani alizipima, kisha akaziunganisha kwenye karatasi kwa kanuni aliyoichagua mwenyewe. Mwenzake mwenye kanuni nyingine angeandika orodha tofauti kutokana na ndoo ileile. Tena, maji ya Pluto yaliyouzwa kwenye chupa hadi 1971, yenye picha ya shetani mwekundu, yalikuwa yameongezwa makali. Hayakuwa sawa na yale yaliyobubujika bandani.

Hata vipimo vyangu mwenyewe siviamini vyote. Gesi huanza kukimbia mara tu maji yanapoiona hewa, na chupa ikichelewa kufungwa, au ikiachwa na nafasi ndogo tu juu, namba inayotoka maabara huwa pungufu. Nimewahi kupima chemchemi moja asubuhi na alasiri nikapata majibu mawili yasiyopatana, na sikuweza kusema ni maji yaliyobadilika au ni mkono wangu.

Jengo la West Baden limepata watetezi. Hoteli ilifungwa 1932, Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, wakapewa kwa dola moja mwaka 1934, minara ikashushwa na chemchemi za bustanini zikazibwa kwa zege. Januari 1991 sehemu ya ukuta wa nje iliporomoka kutokana na maji ya mvua na barafu vilivyojikusanya kwenye mabomba ya paa. Familia ya Cook, wafanyabiashara wa Indiana, iligharimia ukarabati mkubwa, na wageni wakalala tena humo mwaka 2007. Nawashukuru kwa dhati. Lakini mabango mengi husimulia kuba kwa kirefu na maji kwa sentensi moja, na ndiyo maana mgeni huondoka na volkano yake kichwani.

Ndugu yetu alibaki na shaka hadi jioni, tulipoketi kula. Ndipo alipoiona pete yake ya fedha, kwenye mkono ule niliommiminia maji, imefanya weusi. Akaniuliza ni nini kimeipata, na safari hii akasikiliza habari za bakteria mpaka chai ikapoa.