Kupunguza mfuko wa chakula ng'ambo: kazi haiishii uwanja wa ndege wa Luano

Lubumbashi wengi huamini kwamba ukishapasuliwa India au Uturuki umemaliza: unashuka Luano, unakula bukari (ugali) kidogo, kilo zinajishukia zenyewe. Si hivyo. Daktari huondoa karibu 80% ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba wenye mshono mrefu. Mshono huo unaweza kuvuja hata wiki ya pili, wakati tayari uko nyumbani. Homa, maumivu ya tumbo au bega la kushoto, moyo kupita mapigo 120 kwa dakika: nenda hospitali yenye skana na daktari mpasuaji, usianzie dispensari ya mtaani.

Hatari isiyozungumzwa ni kutapika siku nyingi. Vitamini B1 huisha mwilini, na serumu (dripu) ya glukozi ikitangulia bila B1, ubongo unaweza kuharibika. Mwambie muuguzi hilo kabla hajatundika chupa.

Wiki mbili za kwanza ni vinywaji tu, kisha vilivyosagwa. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu ambazo huku hununuliwa kama pipi, huleta vidonda vya tumbo. B12, madini ya chuma na kalsiamu ni za maisha yote. Zipigie hesabu kabla ya tiketi. Na usipande ndege bila ripoti ya upasuaji, ikiwezekana kwa Kifaransa.