Picha safi ya eksirei si ushahidi kwamba goti ni zima

Kwa wafuga punda wa Handeni, Tanga, utasikia: eksirei isipoonyesha kitu, goti ni zima. Sivyo. Eksirei huonyesha mfupa. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halionekani.

Chukua mtoto wa punda wa siku 10. Goti limevimba, lina joto, mguu anauning'iniza. Watu husema kakanyagwa na mama yake. Mara nyingi ni vijidudu vilivyopitia kitovuni, na mfupa ulioanza kuliwa huchukua siku kadhaa, hata wiki, kuonekana pichani. Ultrasaundi huonyesha mapema maji yaliyojaa kiungoni. Kinachosaidia kuliko picha zote, naamini, ni daktari wa mifugo kuyavuta kwa sindano na kuyapima siku hiyohiyo, kabla gegedu halijaharibika.