Kerneli za zamani kwenye seva: kwa nini zinarundikana na zipi ziondoke

Kerneli ya zamani ni toleo la kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux linalobaki kwenye diski baada ya toleo jipya kusakinishwa. Pakeji za kawaida haziachi masalia ya namna hii: jipya likija, la zamani linaondoka. Kwa kerneli, kila toleo ni pakeji inayojitegemea, na namba yake imo ndani ya jina, kwa mfano linux-image-5.15.0-91-generic. Ikija 5.15.0-105, zote mbili zinakaa pamoja. Imekusudiwa iwe hivyo. Mpya ikigoma kuwaka, au ikiikataa kadi ya mtandao, unachagua ya zamani kwenye menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo, na kazi inaendelea.

Shida inaanza zikifika sita au saba. Kwenye Ubuntu, kila kerneli huweka vitu viwili vizito ndani ya /boot: vmlinuz, ambayo ndiyo kerneli yenyewe, megabaiti kumi na kitu, na initrd.img, yenye draiva za kuifikia diski wakati wa kuwaka, ambayo mara nyingi huwa kati ya MB 60 na 150. Moduli zake ziko /lib/modules, nazo ni mamia ya megabaiti. Kama /boot ni folda tu ndani ya diski kuu, huna haraka. Lakini seva zilizosakinishwa kwa LVM (mfumo wa kugawa diski kwa kunyumbulika) au zenye diski iliyosimbwa huwa na patisheni ya /boot peke yake, na ikiwa ni ya MB 512, kerneli nne au tano zinatosha kuijaza.

Sasa chukua seva ya ofisi pale Posta au Kariakoo, inayokaa miezi bila kuzimwa. Masasisho yanajiendesha usiku. Kerneli mpya inasakinishwa, ila haitumiki mpaka seva iwashwe upya, kwa hiyo hitilafu yake haionekani. Siku /boot imejaa, initrd inashindwa kutengenezwa na ujumbe wa "No space left on device" unaishia kwenye logi ambayo hakuna anayeisoma. Vmlinuz ipo, initrd haipo. Baadaye update-grub, amri inayoandika upya menyu ya GRUB, ikiendeshwa kwa sababu nyingine yoyote, kerneli hiyo nusunusu inaingia kwenye menyu, tena juu kabisa. Halafu umeme unakatika, UPS inaisha kabla jenereta haijapokea, na umeme ukirudi kioo kinasimama hapa:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, haisaidii hapo. Aliyeko Mbagala itabidi aende mjini, achomeke kioo na kibodi, ashike Shift (au Esc kwa mashine za UEFI) na kuchagua kerneli ya zamani chini ya "Advanced options". Ndiyo maana usafi huu ni suala la seva kuwaka zaidi kuliko suala la nafasi.

Kabla ya kufuta chochote, jua kinachotumika:

uname -r
dpkg -l 'linux-image-*' | grep ^ii
df -h /boot

Ukikuta faili /var/run/reboot-required, huenda seva bado inatumia kerneli ya zamani huku mpya ikisubiri. Panga muda wa kuiwasha upya, Jumapili kwa mfano, hakikisha mpya inafanya kazi, ndipo usafishe. Bakiza mbili: inayotumika, na iliyoitangulia ambayo ulishaiona ikiwaka vizuri. Kubakiza moja ni kubania nafasi pasipostahili.

Amri ya kawaida ni hii:

sudo apt autoremove --purge

Haigusi kerneli inayotumika wala ya karibuni zaidi. Soma orodha yake kabla ya kubonyeza Y, maana huondoa pia pakeji nyingine zisizohitajika tena. Ikiacha kerneli fulani kila mara, inaelekea mtu aliisakinisha kwa mkono. Itafute kwa apt-mark showmanual | grep linux-image, kisha ibadilishe kwa apt-mark auto.

Ukifuta kwa mkono, chunga mpangilio wa namba. Amri ya ls hupanga kwa herufi, hivyo 5.15.0-105 inatangulia 5.15.0-91, na mwenye haraka anafuta ya juu akidhani ndiyo kuukuu. Tumia ls -v /boot. Usitumie nyota (*) kwenye amri ya kufuta, na ukiona linux-image-generic kwenye orodha ya vinavyoondolewa, kataa. Pakeji hiyo ndiyo inayoleta kerneli mpya. Ikiondoka, seva itaendelea kufanya kazi bila kupata marekebisho ya usalama ya kerneli, na hutaona dalili yoyote.

Kama /boot imeshajaa kabisa, apt yenyewe hukwama: inadai umalizie usakinishaji uliokatika, na usakinishaji unadai nafasi. Hapo pita kwa dpkg, programu ambayo apt yenyewe huitumia kusakinisha na kuondoa pakeji, ukitaja toleo moja kuukuu ambalo si lile la uname -r:

sudo dpkg --purge linux-image-5.15.0-91-generic linux-modules-5.15.0-91-generic linux-modules-extra-5.15.0-91-generic

Seva nyingine hazina modules-extra, iache isipokuwepo. Nafasi ikipatikana, malizia kilichokatika:

sudo apt --fix-broken install
sudo dpkg --configure -a
sudo update-grub

Kisha ls -lh /boot. Kila vmlinuz lazima iwe na initrd.img ya namba ileile. Isiyo na mwenzake itengenezee kwa update-initramfs -c -k ukifuatisha namba ya toleo, au iondoe. Usiwashe seva upya kabla ya ukaguzi huu.

Kufuta faili za /boot kwa rm ni mbinu ya mwisho, pale dpkg nayo imegoma. Hata hivyo futa initrd ya kerneli kuukuu tu, kisha rudi uiondoe pakeji yake kwa utaratibu, la sivyo dpkg itaendelea kuamini kwamba kerneli ile ipo.

Jambo moja hupitwa na wengi: pakeji za linux-headers. Zinakaa /usr/src, kila toleo na maelfu ya faili ndogondogo, na kwenye diski ndogo ya seva ya kukodi zinaweza kumaliza inodi, yaani idadi ya faili ambazo diski inaruhusu. Ukiambiwa diski imejaa wakati df -h inaonyesha nafasi tele, angalia df -i.

Ili kazi hii ijiendeshe, fungua /etc/apt/apt.conf.d/50unattended-upgrades na uhakikishe mstari huu haujafungwa kwa alama za maoni:

Unattended-Upgrade::Remove-Unused-Kernel-Packages "true";

Rocky, AlmaLinux na ndugu zao, aina za Linux zinazotumia dnf badala ya apt, wana kikomo tayari: installonly_limit=3 ndani ya /etc/dnf/dnf.conf. Ya nne ikija, kuukuu kuliko zote inaondoka yenyewe. Ingizo lenye jina "rescue" kwenye menyu yao liache.

Na ikiwa seva yako ya kukodi ni kontena ya OpenVZ au LXC (seva ndogo inayoshiriki kerneli na mashine kubwa), kerneli inayotumika ni ya mashine ya mwenyeji. Huenda /boot yako ikawa tupu, na hakuna cha kusafisha.