Je, Wajua Kwa Nini Mguu Hufa Ganzi Ukikaa?

Umekaa ukiwa umepishanisha miguu, na ukitaka kuinuka unakuta mmoja umekufa ganzi. Unaugusa husikii kitu, kisha baada ya muda sindano zinaanza kukuchoma kuanzia kwenye vidole. Hali hii ikitokea mara moja moja, hakuna anayeijali. Ikianza kujirudia kila unapokaa, mtu huuliza, na jibu analopewa na wengi ni kwamba damu haipiti. Jibu hilo lina ukweli kidogo tu, tena linamfanya asichunguze jambo muhimu zaidi: ni sehemu gani hasa ya mguu inayopoteza hisia?

Kinachobanwa hapo ni neva. Neva husafirisha taarifa za mguso, joto na maumivu kutoka kwenye ngozi hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Uzito wa mwili ukiigandamiza dhidi ya kiti au mfupa, taarifa hizo hazifiki. Vimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha neva yenyewe navyo hubanwa, na hapo ndipo dai la damu linapopata ukweli wake. Lakini ukiushika mguu huo, mara nyingi utakuta bado una joto na rangi yake ya kawaida, maana damu inaufikia. Ukibadili mkao, nyuzi za neva huamka kila moja kwa wakati wake na kurusha ishara bila mpangilio. Hizo ndizo sindano unazozisikia. Zinaudhi, lakini ni dalili kwamba neva inarudi kazini. Zikiisha ndani ya dakika chache na mguu ukawa na nguvu zake zote, huna haja ya kuhangaika.

Sasa turudi kwenye swali la sehemu. Kila neva ina eneo lake la ngozi, kwa hiyo mahali penye ganzi hutaja neva iliyobanwa. Chini kidogo ya goti, upande wa nje, papasa utapata kifundo cha mfupa mwembamba uitwao fibula. Neva hupinda hapo ikiwa imefunikwa na ngozi na mafuta kidogo tu. Anayekaa kwa kupishanisha miguu, au kuchuchumaa muda mrefu, huibana papo hapo, na ganzi hutokea upande wa nje wa muundi na juu ya wayo, mpaka kwenye vidole. Neva hiyo ndiyo inayoamrisha misuli ya kunyanyua wayo. Ikibanwa siku baada ya siku, mtu anaweza kuanza kuburuta vidole anapotembea. Waliopungua uzito ghafla wako hatarini zaidi, kwa kuwa mafuta yanayoikinga neva yamepungua.

Ganzi ikiwa nyuma ya paja na kushuka hadi unyayoni, mtazame siatiki, neva nene kuliko zote mwilini, inayopita ndani kabisa ya tako. Pochi iliyojaa kwenye mfuko wa nyuma inatosha kuikera, na vivyo hivyo kukaa chooni muda mrefu huku umeshika simu, kwa sababu ukingo wa choo hukandamiza nyuma ya mapaja yote mawili. Upande wa nje wa paja una neva yake nyingine, ambayo hupita karibu na mfupa wa nyonga pale mbele. Mkanda uliokazwa, suruali ya kubana, ujauzito au kitambi huiminya, na paja huwaka moto au kufa ganzi. Neva hiyo haiendeshi msuli wowote, hivyo mguu haulegei.

Pengine kiti hakina kosa, shida iko mgongoni. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski laini, na diski ya kiunoni ikichomoza huweza kugusa mzizi wa neva inayokwenda mguuni. Kuketi, hasa kwa kuinama mbele, huongeza shinikizo kwenye diski, ndiyo maana mtu huona kiti ndicho kinachomwumiza. Hapa ganzi huandamana na maumivu yanayotoka kiunoni au kwenye tako na kushuka chini, na kukohoa au kupiga chafya huyazidisha.

Ninaloomba lisipuuzwe kabisa ni ganzi ya miguu yote miwili inayoanzia kwenye vidole na kupanda polepole kama soksi, hata usipokuwa umekaa vibaya. Sababu inayoongoza ni kisukari, na wapo wanaogundua wanacho kwa dalili hii. Nyingine ni upungufu wa vitamini B12, unaoweza kuwapata wasiokula nyama, mayai wala maziwa, na pia wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi. Pombe nyingi, ugonjwa wa figo na tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri nazo huharibu neva. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huvuruga vitamini B6, na kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hupewa pairidoksini, yaani vitamini hiyo hiyo ya B6, pamoja nayo. Usiiache dawa, mweleze anayekutibu. Na baka la ngozi lililopauka ambalo halihisi mguso lipelekwe kupimwa ukoma, ugonjwa unaotibika kabisa kwa vidonge.

Zipo dalili zisizongoja kesho. Ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo kukwama au kutoka wenyewe, na miguu yote miwili kulegea: neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na huenda ukahitajika upasuaji wa haraka. Ganzi ya ghafla upande mmoja wa mwili, uso kupinda au maneno kuvurugika ni dalili za kiharusi. Mguu mmoja uliogeuka baridi na kupauka ghafla, ukiwa na maumivu makali, damu haiufikii.

Ukienda kituo cha afya, onyesha kwa kidole ganzi inapoanzia na inapoishia, useme hudumu muda gani na kama mguu hulegea. Omba upimwe sukari. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kikarudiwa kikawa vilevile, hicho ni kisukari.

Kama tatizo ni mkao, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti, ondoa vitu mfuko wa nyuma, na uinuke kila baada ya nusu saa. Mguu ukiwa tayari umekufa ganzi, usisimame papo hapo, maana kifundo cha mguu kinaweza kupinda bila wewe kuhisi ukaanguka. Unyooshe, chezesha vidole, ungoje mpaka uihisi sakafu.