Skrini ya projekta kwenye ukumbi wenye mwanga: niambie kwanza dirisha liko wapi

Jumamosi moja ya Septemba, saa kumi na moja na robo jioni, Hajji alinipigia simu mpira ukiwa umeshaanza. Ana ukumbi wa kuonyesha mpira Kisenyi, hapa Kampala, na projekta yake nilimfungia mimi. "Fundi, hii mashine yako imeisha. Timu moja imevaa nyeusi, nyingine buluu nzito, zote zinaonekana kama majivu. Watu wanagombana nani ana mpira. Wengine wanataka kurudishiwa pesa zao."

Nilipofika sikuigusa projekta. Nilisimama mbele ya skrini, nikanyoosha mkono kukinga picha, na kivuli cha kiganja kikaanguka katikati ya uwanja. Kilikuwa kijivu. "Hajji, hicho ndicho cheusi chako cha leo. Weusi kuliko huo hupati."

Projekta kazi yake ni kurusha mwanga, giza hairushi. Mahali penye jezi nyeusi ni mahali ambapo haikurusha kitu, au imerusha kidogo sana, kwa hiyo unachokiona pale ni kitambaa chenyewe jinsi kilivyomulikwa na mlango, dirisha na taa za ukumbini. Ndiyo maana mtu akiniuliza "skrini gani nzuri?" mimi humuuliza dirisha lake liko wapi. Wengi wanadhani nawakwepa.

Tuingie kwenye hesabu, ni fupi. Nilizima projekta, nikaweka simu mgongo ukigusa skrini, uso ukitazama ukumbi, nikafungua programu ya kupima mwanga. Si kipimo cha maabara, ila kwa kulinganisha inatosha. Ilisoma laksi 300 (laksi hupima mwanga unaofika mahali fulani). Projekta ya Hajji inatoa lumeni 3,000 za kweli, yaani mwanga wote inaorusha (si zile 9,000 zinazoandikwa kwenye maboksi ya projekta ndogo za bei rahisi, kama karibu na namba hakuna neno ANSI wala ISO, majina ya viwango vya upimaji, ichukulie kama pambo la boksi). Skrini ya inchi 120 ina upana wa mita 2.66 na kimo cha mita 1.49, yaani karibu mita 4 za mraba. Gawa 3,000 kwa 4, unapata laksi 750 za picha. Sehemu nyeupe basi ina 750 za projekta na 300 za ukumbi, jumla 1,050. Sehemu nyeusi ina 300 za ukumbi peke yake. Weupe ni mara tatu na nusu ya weusi, basi, yaani 3.5 kwa 1.

Kule Marekani, InfoComm, chama cha watu wa kazi za sauti na picha ambacho sasa kinaitwa AVIXA, kilitoa kiwango mwaka 2011 kinachosema picha ya kutazamwa tu, kama slaidi za mkutano, inahitaji angalau 7 kwa 1. Maandishi na michoro ya kufanyia uamuzi wa kawaida, 15 kwa 1. Video yenyewe, filamu na mpira, 80 kwa 1. Hajji alikuwa na 3.5. Hapo hata slaidi zingelalamika.

Na saa zenyewe hazitusaidii. Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayoanza saa tisa alasiri kwao, huku inaanguka saa kumi na moja jioni wakati wa majira yao ya joto, na saa kumi na mbili wakati wa baridi yao. Jua la Kampala linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, mwaka mzima, halisogei. Kuanzia Agosti hadi karibu mwisho wa Oktoba sehemu kubwa ya mechi ya saa kumi na moja inachezwa jua likiwa bado juu, na mlango wa Hajji unatazama magharibi.

Kabla ya kununua kitambaa cha bei, ziba. Juu ya paa palikuwa na mabati mawili ya plastiki ya kuingiza mwanga. Tuliyapaka rangi nyeusi upande wa ndani. Mlangoni tukatundika mapazia mawili mazito yaliyopishana, mtu anaingia kwa kona. Shida ikabaki matundu ya hewa juu ya madirisha. Ukiyaziba, watu mia moja watapikika humo ndani. Fundi seremala alitupigia mbao mbili mbili mbele ya kila tundu, zimepishana na kupakwa nyeusi isiyong'aa, hewa inapita kwa kuzunguka na mwanga unagonga mbao. Nikapima tena: laksi 40. Sasa hesabu ni 790 kwa 40, karibu 20 kwa 1, na skrini ni ile ile ya zamani. Kuna wauzaji ambao hawatakwambia hili, maana pazia hawauzi wao.

Baada ya hapo ndipo skrini inapokuwa na maana. Wengi huniambia, "Si nipake ukuta rangi ya kijivu tu?" Kijivu kinapunguza mwanga wa dirisha, sawa, lakini kinapunguza na wa projekta kwa kiasi kile kile. Ukigawa moja kwa nyingine jibu linabaki lilipokuwa, ila sasa picha yote imefifia. Kijivu kinasaidia mahali pamoja: chumba kilichokwisha kuwa na giza, chenye kuta nyeupe za rangi ya mafuta, ambapo mwanga wa picha yenyewe unagonga kuta na kurudi kwenye skrini. Hata hapo, ningeanza na kuta.

Kuna skrini maalumu ya kukataa mwanga wa ukumbi. Hiyo haikatai kwa rangi, inakataa kwa upande. Inauliza, huu mwanga umetoka wapi? Zipo za namna tatu ambazo utakutana nazo.

Ya kwanza inarudisha mwanga kama mpira unaodundwa ukutani. Projekta iko juu darini, mwanga unashuka, unagonga na kuendelea chini hadi machoni mwa waliokaa. Mwanga wa taa zilizo karibu na skrini unashuka wima zaidi, kwa hiyo unadunda na kuishia sakafuni. Hii ndiyo niliyompa Hajji. Inataka projekta iwe mbali: nyingi zinaomba umbali usiopungua mara moja na nusu ya upana wa skrini, la sivyo unaona doa jeupe katikati na pembe zenye giza.

Ya pili ina vishanga vya kioo, inarudisha mwanga kule kule ulikotoka, kama vibao vya barabarani vinavyowaka ukivimulika kwa taa za gari. Ni nzuri projekta ikiwa mezani, karibu na usawa wa vichwa. Ukiifunga darini, picha nzuri inaonwa na popo.

Ya tatu ndiyo iliyonila pesa. Ni ya zile projekta zinazokaa chini kabisa ya ukuta, sentimita chache, zikimulika juu. Miaka ya mwanzo mteja mmoja mwenye ofisi alitaka skrini ya kukataa mwanga, projekta yake ya kawaida ikiwa darini. Nikaagiza, muuzaji akanihakikishia kwamba "inakataa mwanga wote". Alisema kweli. Tulipowasha, picha ilikuwa kama inaonekana kupitia soksi. Nikapitisha ukucha juu ya kitambaa, kutoka juu kwenda chini, ukasikika kama unapita kwenye mistari ya santuri: trrr. Ni mifereji midogo ya mlalo, kila mmoja una uso mweusi unaotazama dari na uso mweupe unaotazama sakafu. Nikamulika tochi ya simu kutoka chini, ikawaka vizuri sana. Nikamulika kutoka juu, ikanyamaza. Projekta ya mteja ilikuwa juu. Skrini hiyo niliilipa mwenyewe, na bado iko nyumbani kwangu imekunjwa nyuma ya kabati. Mke wangu ananiuliza kila Krismasi.

Tangu siku hiyo sinunui bila kipande cha mfano na tochi. Kaa pale mtazamaji atakapokaa, mwombe mtu amulike kutoka mahali pa projekta, kisha kutoka mahali pa dirisha. Kama vyote viwili vinawaka sawa, hicho ni kitambaa cha kawaida chenye bei ya ajabu.

Tochi hiyo itakuonyesha pia kisichowezekana. Dirisha likiwa ubavuni au taa zikiwa darini, skrini ya namna ya kwanza inakusaidia sana. Dirisha likiwa nyuma ya watazamaji, linaitazama skrini uso kwa uso, mwanga wake unaingia kwa njia ile ile ya projekta na hakuna kitambaa kitakachowatenganisha. Ziba hilo dirisha au hamisha skrini ukuta mwingine. Kuhamisha hakugharimu kitu.

Na kuna malipo mengine yasiyoandikwa kwenye risiti: wanaokaa pembeni. Kitambaa kinachochagua pande kinachagua na watu. Hajji alikuwa na mabenchi hadi ukutani kulia na kushoto. Waliokaa pale walianza kuona picha iliyofifia ambayo zamani hawakuiona. Tulitoa benchi mbili kila upande, tukaongeza safu moja nyuma. Alinung'unika, kwa sababu benchi ni watu na watu ni shilingi. Kwa kanisa pana ambalo waumini wamezunguka jukwaa, simshauri mtu skrini ya aina hii. Kitambaa cheupe cha kawaida na projekta yenye nguvu kitawatendea haki wote. Ibada ya mchana chini ya hema jeupe? Kodi paneli za LED, projekta iache nyumbani.

Utunzaji: vumbi letu jekundu linaingia kwenye mifereji na kukaa. Fagia kwa brashi laini kavu, au kitambaa laini kikavu, taratibu. Usiguse kwa Jik. Na mjusi anapenda nyuma ya skrini kwa sababu wadudu wanafuata mwanga. Ukiwa na fremu, ziba nafasi ya nyuma kwa sponji. Alama ya mjusi kwenye kitambaa cha kawaida inafutika, kwenye hiki inabaki kama nyota isiyozama.

Kwa Hajji sasa hivi, saa kumi na moja jioni, mlango ukifungwa kwa pazia lake, skrini mpya inatupa sehemu kubwa ya zile laksi 40, na jezi nyeusi ni nyeusi. Wiki iliyopita alinipigia tena. Jirani yake amefungua ukumbi wenye picha ya inchi 150, na yeye pia anaitaka, projekta ikiwa ile ile. Nikamwambia inchi 150 ni zaidi ya mita 6 za mraba, laksi zake 750 zitashuka chini ya 500. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza jirani yule ameziba matundu yake kwa kitu gani. Nikamwambia hajaziba.

"Basi tumwache," akasema.