Alama ya 10 kwenye bomba la sindano si miligramu 10

Kuna imani potofu kadhaa kuhusu kuchanganya dawa ya unga na maji yake ya sindano na kuivuta kwa bomba. "Ukiongeza maji, dawa inapungua nguvu." Hii inasikika kuliko zote. Kichupa chenye miligramu 5 za unga wa peptidi (dawa ya vipande vifupi vya protini) kitabaki na miligramu 5, utie mililita 1 ya maji au 3. Kinachobadilika ni ujazo unaobeba kipimo chako. Tuseme daktari ameandika mikrogramu 250. Geuza kwanza miligramu ziwe mikrogramu: 5,000. Gawa kwa mililita za maji, halafu gawa kwa 100, kwa sababu bomba la insulini la U-100 limegawa mililita 1 katika uniti 100. Kwa mililita 2 za maji: 5,000 ÷ 2 ÷ 100 = mikrogramu 25 kwa uniti. Basi 250 ÷ 25 ni 10. Unavuta hadi alama ya 10, yaani mililita 0.1. Ungetia mililita 1 ungevuta hadi 5, na kwa mililita 3 hadi 15.

Maji mengi kidogo hata yana nafuu yake. Jicho likikosea nusu uniti kwenye alama ya 5, umekosea asilimia 10. Kwenye alama ya 15 ni kama asilimia 3 tu. Ila karatasi ya mtengenezaji ikitaja kiasi cha maji, hapo hakuna mjadala.

"Uniti ni kipimo cha dawa." Ni hivyo kwa insulini ya U-100 ndani ya bomba la U-100. Kwa dawa nyingine yoyote, uniti 1 ya bomba hilo ni mililita 0.01 basi. Julai 2024, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu semaglutide (dawa ya kisukari na kupunguza uzito) inayochanganywa na maduka ya dawa: baadhi ya wagonjwa walijidunga mara 5 hadi 20 ya kipimo walichokusudia, na wahudumu wengine nao walikosea kugeuza miligramu kuwa uniti. Mtu akikuambia "vuta uniti 10" bila kutaja kuna miligramu ngapi kwa mililita, hajakuambia kitu.

hCG, homoni ya ujauzito inayotumika pia kama dawa, inachanganya zaidi, maana yenyewe hupimwa kwa uniti za kimataifa. Kichupa cha 5,000 kikitiwa mililita 1, alama ya 10 inabeba uniti za kimataifa 500.

"Mabomba ya insulini yote ni mamoja." Kwenye U-40, mililita 1 ni uniti 40, hivyo alama ya 10 ni mililita 0.25. Ukiitumia kwa hesabu ya U-100, umejidunga mara mbili na nusu. Soma ubavuni kabla ya kuchana pakiti. Tena hesabu vistari: mabomba mengi ya mililita 1 yanaruka uniti mbilimbili, ya mililita 0.5 huenda mojamoja.

"Unga hauna ujazo." Kwa miligramu chache za peptidi, ni kweli kwa matumizi ya kawaida. Kwa antibiotiki ya ceftriaxone ya gramu 1 si kweli: unaongeza mililita 9.6 ili upate mililita 10 zenye miligramu 100 kila moja. Ukitia 10 kamili unapata kama 96. Mtu mzima anayepewa kichupa kizima haimhusu. Mtoto anayepewa sehemu yake inamhusu.

"Tikisa mpaka iyeyuke." Peptidi usiitikise. Elekeza maji yateremke taratibu kwenye ukuta wa kichupa, kisha kizungushe polepole. Povu huvutwa pamoja na dawa, na kiputo cha hewa kinakaa mahali pa dawa: kipimo kinasomeka sawa, kilichoingia mwilini ni pungufu.

"Miligramu 5 kwa mikrogramu 250 ni dozi 20." Kwenye karatasi, ndiyo. Bomba la kawaida lenye sindano ya kuchomeka hubakiza karibu mililita 0.08 shingoni na ndani ya sindano. Kwa dozi ya mililita 0.1, kila mvuto unatoa 0.18 kichupani, na mililita 2 zinaishia kwenye dozi ya 11. Bomba la insulini lenye sindano isiyotoka halibakizi kitu cha kuhesabu.